Ni Kipi Kinachoachia? Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Vifungo vya Kikemikali

Tumepokea barua tano kutoka Moshi na Arusha ambazo, ingawa waandishi wake hawajuani na kila mmoja anauliza jambo la kazi yake, zinagusa somo moja: jinsi atomu zinavyoshikana, na jinsi mshikano huo unavyoamua tabia ya kitu tunachokishika mkononi. Nimezipanga ili jibu la kwanza liyarahisishe yanayofuata, na ndiyo maana jibu hilo ni refu kuliko mengine.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Moshi. Tumefundishwa kwamba kifungo cha kovalenti ni imara, halafu katika ukurasa uliofuata tukaandikishwa kwamba kampaundi za kovalenti huyeyuka kwa joto dogo. Nimejaribu nyumbani: sukari iliyeyuka na kuungua kwenye sufuria, lakini chumvi haikuyeyuka hata mkaa ulipokuwa mwekundu. Sasa kovalenti ni imara au si imara?

Marahaba. Sentensi zote mbili ulizoandikishwa ni za kweli. Kasoro yake ni kwamba zimewekwa jirani bila mtu kukueleza kuwa hazizungumzii mshikano mmoja.

Tuanze na chumvi. Atomu ya sodiamu ina elektroni 11, zilizopangika 2, 8 na 1. Ya klorini ina 17, zilizopangika 2, 8 na 7. Sodiamu huiachia ile moja ya nje, klorini huipokea, na kila upande hubaki na elektroni 8 katika ganda lake la nje. Sodiamu iliyopungukiwa inakuwa ioni yenye chaji chanya, klorini iliyoongezewa inakuwa ioni ya kloridi yenye chaji hasi, na chaji zisizofanana huvutana. Mpaka hapo hata daftari lako linasema hivyo. Ninachogombana nacho ni ule mchoro wa ioni mbili zilizosimama peke yake kama bwana na bibi harusi, kwa sababu katika punje ya chumvi hakuna jozi za namna hiyo: kila ioni ya sodiamu imezungukwa na sita za kloridi, kila kloridi imezungukwa na sita za sodiamu, na mpangilio huo unaendelea juu, chini na pande zote hadi ukingo wa fuwele. Kwa hiyo ukitaka kuiyeyusha chumvi, huna sehemu dhaifu ya kuanzia. Ni lazima mvutano wenyewe wa ioni ulegezwe kila mahali, na hilo linahitaji nyuzi 801 za sentigredi. Kama sufuria yako ni ya aluminiamu, shukuru kwamba hukufika huko, kwa maana aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660, nawe ungepoteza sufuria kabla ya kuiona chumvi ikilegea. Na ikiwa uliisikia chumvi ya mawe ikipasukapasuka motoni, huo haukuwa mwanzo wa kuyeyuka; ni maji kidogo yaliyonaswa ndani ya punje yaliyogeuka mvuke na kutafuta njia ya kutokea.

Sukari imejengwa vinginevyo. Molekuli moja ya sukari ya miwa, kama ile inayolimwa Arusha Chini, ina atomu 45: kaboni 12, haidrojeni 22 na oksijeni 11. Hakuna aliyempa mwenzake elektroni moja kwa moja. Atomu mbili zilizo jirani zinamiliki pamoja jozi ya elektroni, na jozi hiyo iliyo katikati yao ndiyo kifungo cha kovalenti. Mmarekani Gilbert Lewis aliliandika wazo hilo la jozi mwaka 1916. Ndani ya molekuli, basi, mshikano ni wa kovalenti, lakini kati ya molekuli moja na jirani yake kuna mshikano mwingine kabisa, na ni mdogo sana ukilinganishwa na ule wa ndani.

Umewahi kuona pikapu iliyopakia mikungu ya ndizi ikishuka kutoka Mwika. Kila ndizi imeshikwa na chane yake, na kila chane imeshikwa na mkungu, kiasi kwamba kuzitenganisha kunahitaji kisu. Lakini mkungu na mkungu vimeegemeana tu na kuzuiwa na kamba. Kamba ikikatika, mikungu itasambaa barabarani, na hakuna atakayesema kwamba ndizi zimenyofoka. Kuyeyuka kwa kampaundi nyingi za kovalenti ni kukatika kwa kamba hiyo.

Maji yatakupa tarakimu. Kuvunja kifungo kati ya oksijeni na haidrojeni ndani ya molekuli ya maji kunahitaji nishati ya takriban kilojuli 463 kwa moli (moli ni kipimo cha idadi ya chembe), ilhali kifungo cha haidrojeni kinachoishika molekuli moja ya maji na jirani yake kinahitaji takriban 20 tu. Chai inapochemka nyumbani kwenu, kinachoachia ni kile cha 20. Mvuke unaopanda ni maji yale yale, na ukigusa kifuniko cha baridi unarudi kuwa matone. Kama kile cha 463 ndicho kingeachia, jikoni kwenu kungejaa haidrojeni na oksijeni, na nisingependa kuwa jirani yenu mtakapowasha kiberiti.

Sasa niseme jambo ambalo huenda litakushangaza: sukari haikuwa mfano mzuri wa jaribio lako. Molekuli yake ina vikundi 8 vya oksijeni na haidrojeni vinavyoweza kushikana na majirani kwa vifungo vya haidrojeni, na kimoja kimoja ni dhaifu, lakini vyote kwa pamoja hufanya molekuli zigandamane sana. Matokeo yake ni kwamba joto linalotosha kuzitenganisha molekuli linakaribiana na joto linaloanza kuzivunja zenyewe. Ndiyo maana sukari yako ilibadilika rangi, ikatoa harufu, na mwisho ikaacha kaboni nyeusi; pale vifungo vya kovalenti viliachia kweli. Chukua badala yake nta ya mshumaa, ambayo molekuli zake ni minyororo ya kaboni na haidrojeni isiyo na vikundi hivyo. Iyeyushe, iache igande, iyeyushe tena. Itarudi kuwa nta kila mara, kwa kuwa ndani ya molekuli hakuna kilichoguswa.

Ukitaka kupima bila moto, chonga kalamu mbili za risasi pande zote mbili, ziunganishe kwa waya na betri tatu za tochi na taa ndogo ya LED, kisha uzitumbukize ncha zake katika maji ya chumvi bila kuzigusanisha. Taa itawaka, hata kama kwa mwanga hafifu, kwa sababu ioni zilizokuwa zimefungwa katika fuwele sasa zinaelea na kubeba chaji. Katika maji ya sukari haitawaka, kwa kuwa molekuli zimeachana zikiwa nzima, na molekuli nzima haina chaji ya kubeba. Tumia betri tu, kamwe usitumie umeme wa ukutani, na jaribio la maji ya chumvi lisidumu muda mrefu ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa hutoa klorini kidogo.

Kwa hiyo kovalenti ni imara. Kila utakapoona kitu kinayeyuka, kinavunjika au kinamumunyika, usikimbilie kutaja jina la kifungo. Jiulize kwanza ni kipi kinachoachia.

Mimi ni mama lishe Kiboriloni. Katika makande na kiburu naweka magadi kidogo ili maharage yaive upesi. Wateja wananiambia magadi yana ile floridi inayoharibu meno ya watu wa Arusha. Je, nikichemsha sana itaondoka? Na kwa nini sufuria inageuka nyeusi?

Mama, wateja wako hawakukudanganya, na kuchemsha hakutakusaidia. Lakini nianze na maharage.

Magadi ya Ziwa Natron ni mfano ambao walimu wangepaswa kuutumia zaidi, kwa sababu aina mbili za vifungo zimo ndani ya punje moja. Kaboni na oksijeni tatu zimeshikana kwa kovalenti na kufanya ioni moja ya kaboneti. Kisha ioni hiyo, pamoja na ndugu yake wa bikaboneti, inashikwa na sodiamu kwa mvutano wa chaji. Ukiyatia magadi majini, mvutano wa chaji ndio unaoachia, na kaboneti inabaki nzima. Kuta za seli za maharage nazo zimegandishwa kwa pektini, ambayo nyuzi zake hushikanishwa na ioni za kalsiamu kama vifungo vya shati. Kaboneti huikamata kalsiamu hiyo na kuiondoa, sodiamu huchukua nafasi yake lakini haiwezi kushika nyuzi mbili kwa pamoja, na wakati huo huo hali ya magadi huikata pektini yenyewe. Kuta zinalegea na maharage yanaiva. Unapookoa mkaa, hata hivyo, unapoteza vitamini B1, ambayo haistahimili magadi.

Floridi sasa. Ni ioni, na ikiwa majini imezungukwa na molekuli za maji pande zote. Unapochemsha, wanaoondoka kuwa mvuke ni maji. Ioni haina njia ya kupanda nao, hivyo inabaki sufuriani na kuwa nyingi zaidi katika maji yaliyosalia. Mtu anayechemsha maji ya kunywa anaua vijidudu, na hilo ni jema, lakini floridi haipunguzi hata chembe. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na baadhi ya visima na chemchemi za upande wa Meru huzidi kiwango hicho kwa sababu ya miamba ya volkano. Magadi yanayochotwa katika maeneo hayo ya volkano huweza kuja na floridi yake.

Njia inayofanya kazi inatumia kifungo chenyewe. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kule Arusha, kimejulikana kwa kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Madini ya mfupa yana kalsiamu, fosfeti na ioni za haidroksidi; floridi inayopita hukaa mahali pa haidroksidi, na ikishakaa haitoki kwa urahisi. Meno yetu yana madini ya jamii hiyo hiyo, na ndiyo sababu floridi huyapenda, hasa kwa watoto wadogo ambao meno yao ya kudumu bado yanajengwa chini ya fizi. Kwa biashara yako, ningekushauri uyaloweke maharage usiku kucha, umwage maji yale, na chakula cha watoto usikitie magadi kabisa.

Sufuria huwa nyeusi kwa sababu magadi huila ile ngozi nyembamba ya oksidi inayoilinda aluminiamu. Tumia chungu au sufuria ya chuma cha pua.

Nafundisha kemia Arusha. Wanafunzi wamekariri kwamba metali ikiungana na simetali kifungo ni cha ioni. Je, ni sahihi kila mara?

Hapana, ndugu mwalimu. Kloridi ya aluminiamu ikipashwa joto hugeuka mvuke karibu na nyuzi 180, na mvuke huo ni molekuli zenye aluminiamu mbili na klorini sita. Hiyo si tabia ya ndugu wa chumvi. Ioni ya aluminiamu ingekuwa ndogo mno na yenye chaji tatu, kwa hiyo huzivuta elektroni za klorini hadi zikawa za wote wawili. Linus Pauling, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1954, alituachia kipimo cha uwezo wa atomu kuvuta elektroni: sodiamu ni 0.93, aluminiamu 1.61, klorini 3.16. Toa, na utaona tofauti ni 2.23 kwa chumvi lakini 1.55 kwa kloridi ya aluminiamu. Wafundishe kwamba ioni na kovalenti ni ncha mbili za barabara moja, na kampaundi nyingi zinaishi njiani.

Mimi ni sonara mjini Arusha. Pete ya dhahabu ikigongwa inapinda, lakini tanzanaiti iliyo juu yake inapasuka, tena mara nyingi kwa upande mmoja ulionyooka kama uliokatwa. Na kinywe (grafiti) kinachotoka Mirerani pamoja na jiwe hilo kinateleza vidoleni, ilhali tunaambiwa ni kaboni tupu kama almasi. Inawezekanaje?

Katika dhahabu, kila atomu imeziachia baadhi ya elektroni zake zizunguke katika pande zote za metali, na elektroni hizo za wote ndizo zinazozishika atomu pamoja. Ukigonga, safu moja ya atomu huteleza juu ya nyingine, na mahali papya inapofika inakuta elektroni zile zile zikiingoja. Hakuna kilichoachia, umbo tu limebadilika. Wahunzi wa Mamba, upande wa Marangu, walizifua mikuki na majembe kwa msingi huo bila kuhitaji neno elektroni. Uhuru huo wa elektroni ndio pia unaofanya waya wa shaba upitishe umeme ukiwa mkavu na mgumu, jambo ambalo punje ya chumvi haiwezi.

Tanzanaiti, iliyojulikana tangu mwaka 1967, ina silikoni na oksijeni zilizoshikana kwa kovalenti katika vikundi, na vikundi hivyo vimeunganishwa na aluminiamu na kalsiamu. Mshikano wake haulingani pande zote. Kuna uelekeo mmoja ambao vifungo vinavyouvuka ni hafifu kuliko vingine, na pigo likiupata huo, jiwe hupasuka kwa unyoofu unaousimulia. Usichanganye ugumu na ustahimilivu: jiwe lako lina ugumu wa kati ya 6 na 7 katika kipimo cha Mohs, na litakwaruza vitu vingi, lakini kukwaruza na kuvumilia kishindo ni mambo mawili. Kwa sababu hiyo hiyo usilitumbukize katika mashine ya kusafishia kwa mitetemo, wala usilitoe kwenye joto la kazi na kulitia majini.

Kuhusu kinywe na almasi, mwanafunzi wa Moshi naye asome hapa. Katika almasi kila kaboni imeshikwa kwa kovalenti na nyingine nne, nazo na nyingine, hata jiwe zima likawa molekuli moja. Hapa pikapu haina mikungu mingi, shehena yote ni mkungu mmoja, na kuilegeza kunadai kuvunja kovalenti zenyewe. Ndiyo maana almasi inakata kioo. Katika kinywe kila kaboni imeshika tatu tu, katika tabaka bapa, na elektroni ya nne imebaki huru kuzurura ndani ya tabaka lake. Tabaka na tabaka zimeegemeana kwa nguvu ndogo, hivyo zinateleza, na ndilo vumbi linalowatoa wanaapolo, wachimbaji wa Mirerani, shimoni wakiwa weusi na kung'aa. Elektroni ile huru ndiyo iliyopitisha umeme katika kalamu za jaribio letu la kwanza. Ile tunayoiita kalamu ya risasi haina risasi hata kidogo. Ndani yake ni kinywe kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi.

Naongoza wageni Oldonyo Lengai. Wananiuliza kwa nini lava yake ni nyeusi na nyepesi kama mafuta machafu ya injini, na kwa nini baada ya muda mfupi mlima unaonekana mweupe kana kwamba kuna theluji.

Lava za milima mingine kwa kawaida hutoka zikiwa na nyuzi kati ya 700 na 1,200. Ya Lengai hutoka ikiwa kati ya 500 na 600, kwa hiyo mchana haionyeshi wekundu, na usiku huwaka hafifu tu. Tofauti imo katika kinachoyeyuka. Lava ya kawaida ni ya silika: silikoni na oksijeni hushikana kwa kovalenti hata ndani ya uji wenyewe, zikifanya minyororo na mitandao inayokwamana, na uji wenye minyororo ni mzito. Lava ya Lengai ni ya kaboneti. Kila kaboneti ni ioni inayojitegemea, haijafungwa na mwenzake, na sodiamu, potasiamu na kalsiamu zinaelea katikati. Hakuna mnyororo wa kukwamisha, hivyo inatiririka. Kaboneti ya sodiamu iliyo safi huyeyuka kwa nyuzi 851, lakini ioni za ukubwa tofauti zikichanganyika hushindwa kujipanga vizuri katika fuwele, na joto la kuyeyuka hushuka. Na kwa kuwa ioni zinatembea, uji huo unapitisha umeme vizuri sana.

Lava ikiganda, madini mawili makuu hujitokeza. Moja limeitwa gregoryite, kwa heshima ya mwanajiolojia John Walter Gregory aliyelichunguza Bonde la Ufa. La pili, lenye sodiamu na kalsiamu, limeitwa nyerereite kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Wageni wako wataifurahia habari hiyo, lakini waambie pia kwamba madini yenye jina la Mwalimu hayavumilii unyevu. Molekuli ya maji ina upande wenye chaji hasi kidogo na upande wenye chanya kidogo, hivyo huzing'ang'ania ioni za sodiamu na kuzitoa katika fuwele. Unyevu wa hewa na ukungu wa asubuhi unatosha kuanza kazi hiyo, na mvua huimaliza. Kinachobaki ni unga mweupe wa jamii ya magadi, na sehemu ya chumvi hizo hushuka hadi Ziwa Natron, ambako mama wa Kiboriloni hupata ya makande yake. Ukitaka kuwaonyesha wageni wa wiki ijayo kipande kikiwa bado cheusi, kitie siku hiyo hiyo katika chupa kavu yenye kifuniko kinachokaza, wala usikizungushe katika viganja vyenye jasho.